Jumamosi Kumi za Ruqaiya

Mwalimu Natale hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliingia darasa la mwaka wa pili, wale wa Makuzi ya Mtoto na Mahusiano ya Familia, akaandika ubaoni masharti manne, kisha akaketi juu ya meza kusubiri watu wanakili. Chagua mtoto mmoja wa kati ya miaka mitatu na minane. Mwangalie nyumbani kwao saa moja kila juma, kwa majuma kumi, siku ileile. Usimsemeshe, usimsaidie, usimkataze. Asiwe ndugu yako.

"Na muandike kile macho imeona," akasema. "Mtoto akicheka, andika anacheka. Usiniandikie ana furaha. Furaha uliiona wapi? Mimi sitaki moyo yako, mimi nataka macho yako."

Darasa zima likacheka. Latifah peke yake hakucheka. Alikuwa amelikodolea macho sharti la nne kama mtu aliyefungiwa mlango na mwenyeji anayemjua.

Latifah alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Kwa miaka tisa alifundisha shule ya chekechea huko Pajulu, kabla ya kujikaza na kuingia chuo kikuu mjini Arua, akakaa benchi moja na vijana waliozaliwa yeye akiwa tayari anatumwa sokoni. Walimwita Mama, na hawakumaanisha ubaya. Wala hawakukosea, kwa kuwa watoto alikuwa nao wawili. Faruk, wa miaka minne, alikuwa naye nyumbani Arua. Ruqaiya, wa miaka sita, alikuwa Koboko kwa mama mkwe.

Jinsi Ruqaiya alivyofika Koboko ni jambo la kawaida kabisa. Mimba ya Faruk ilimtapisha Latifah miezi mitano mfululizo, hata maji hayakukaa tumboni. Mama mkwe wake, Rabia, ambaye watoto wote wa mtaa humwita Haboba, yaani bibi, akafunga safari kutoka Koboko, akamtazama mkwewe alivyokonda, akasema, "Nipe huyu mukubwa nikusaidie miezi tatu." Ruqaiya alikuwa ndiyo kwanza ameachishwa ziwa. Latifah akamfungashia nguo, akashukuru, akalala.

Miezi mitatu ikawa miaka minne. Hapakutokea ugomvi wala hapakusemwa neno baya. Kwa Wanubi wa mjini, kifungua mimba kulelewa na mama wa baba yake ni heshima, na heshima haidaiwi kama mtu anavyodai sufuria aliyoazimisha. Kila Latifah alipogusia habari ya mtoto kurudi, aliambiwa ngoja Ramadhani ipite, ngoja shule ifungue, ngoja mvua zikatike. Mumewe, Wahabu, alikuwa wakala wa forodha mpakani Oraba, kazi ya kupitisha makaratasi ya malori, na Arua aliionja Jumapili tu. Naye alipoulizwa alijibu, "Hayo mambo zungumzeni ninyi wanawake," jibu la mwanamume anayempenda mama yake, anayempenda mke wake, na anayewaogopa wote wawili.

Basi fomu ya Mwalimu Natale ilipomfikia, Latifah aliandika: Mtoto R., miaka sita, Koboko. Uhusiano na mwangalizi: hakuna. Mkono haukumtetemeka hata kidogo. Baadaye, alipokumbuka, hilo la mkono kutotetemeka ndilo lililomchukiza.

Jumamosi ya kwanza alimkuta Haboba barazani akisuka kawa ya kufunikia chakula, ile ya rangi nyekundu na kijani ambayo wanawake wa Kinubi husuka hata wakiwa wanazungumza na mtu. Ruqaiya alitoka ndani, akapiga goti kumsalimu mgeni.

"Karibu, Mama Faruk," akasema.

Hakufundishwa na mtu. Ndivyo alivyosikia watu wa Arua wakisema kwenye simu, kwa kuwa majirani wa Arua hawakuwahi kumwona mtoto mwingine zaidi ya Faruk. Latifah akaitika salamu, akamweleza mama mkwe kilichomleta.

"Chuo inataka nini na huyu mutoto?" Haboba akauliza.

"Inataka niangalie tu, Mama. Niandike vile anacheza, vile anakula. Kuongea naye hawataki."

"Na hiyo maandiko inaenda kwa nani?"

"Kwa mwalimu."

"Mwalimu anajua watoto?"

"Ndiyo kazi yake, Mama."

Haboba hakujua kusoma hata jina lake, lakini karatasi aliiheshimu sana. Baba yake alikuwa sajini, na nyumbani kwao kila jambo kubwa lilikuja na karatasi yenye muhuri. Alisuka mizunguko miwili mitatu. Kisha akaiweka kawa chini.

"Sikia, mutoto yangu. Miaka ine wewe nasema Ruqaiya arudi, mimi nasema bado. Tumechoka, mpaka majirani imechoka. Sasa kitabu iamue. Andika yote. Siku ya mwisho unakuja kunisomea hapa, mbele yangu. Ikionyesha mutoto iko na shida kwangu, unabeba. Ikionyesha hakuna shida, anabaki mpaka amalize praimari, na wewe haurudii tena hii maneno."

"Nimekubali, Mama."

Alikubali haraka mno, kwa sababu alikuwa na uhakika. Sura tatu nzima za kitabu cha darasani zilieleza yanayompata mtoto anayetengwa na mama yake akiwa na miaka miwili. Latifah alizisoma mpaka akazikariri. Alijua ataona mtoto anayekula kucha, anayekojoa kitandani, anayejibanza pembeni wenzake wakicheza. Alikuja Koboko akitarajia kumkuta binti yake ameumia, na kwa kiasi fulani, tuseme ukweli, alikuwa anaomba iwe hivyo.

Akaweka kiti cha plastiki kwenye pembe karibu na jiko la nje, akafungua daftari, saa nne kamili. Haboba akamwita mjukuu. "Mama Faruk iko hapa kukuandika. Usimsumbue." Ruqaiya akatikisa kichwa kwamba ameelewa. Akamtazama Latifah, akalitazama daftari, akaenda kuchukua kopo.

Maandishi ya siku hiyo yalikuwa hivi: Mtoto R. anachota maji kwenye pipa. Anamwagilia mchicha. Hakutumwa na mtu. Anarudisha kopo mahali pake. Anafagia mbele ya mlango, vumbi halitoshi, anafagia tena.

Jumamosi ya pili Ruqaiya alikunja nguo zilizoanuliwa kambani, za kwake na za bibi yake. Jumamosi ya tatu alicheza kuruka kamba na Rejoice, msichana wa miaka minane wa nyumba ya jirani. Rejoice na mama yake, Nora, walivuka mpaka pale Oraba wakitoka Sudan Kusini, wakakaa kambini mwaka mmoja, ndipo Nora akapata chumba Koboko na kuanza kuuza samaki wakavu. Katikati ya mchezo Rejoice akaipora kamba. Latifah akaikaza kalamu, akasubiri kilio. Ruqaiya aliiachia kamba, akasema, "Chukua tu," akaketi kando na kukunja mikono mapajani.

Ya tano ndiyo ilikuwa ngumu. Uji wa moto ulimwagika mguuni mwa Ruqaiya. Latifah alikwisha nyanyuka, kalamu imeanguka, mkono umenyooka, ndipo akakumbuka sharti la tatu: usimsaidie. Akakaa. Mtoto aliuma mdomo, akamtazama mwangalizi kwa muda ambao Latifah alikadiria kuwa sekunde nne, halafu akaenda kuleta kitambaa kupangusa sakafu. Haboba ndiye aliyeuona mguu, akaumwagia maji, akamfokea Latifah kwa macho bila kutoa sauti. Latifah akaandika: Mtoto hakulia. Halafu akaenda nyuma ya choo akalia yeye.

Kila Jumatatu alimpelekea Mwalimu Natale daftari, na kila Jumatano lilirudi na wino mwekundu. Mwanzoni wino ulikuwa mwingi. Alipoandika "mpweke", Natale alikata na kuuliza pembeni: Upweke una rangi gani? Alipoandika "anamkosa mama yake", Natale aliandika: Nani alikuambia? Kufikia juma la sita wino ulipungua, kwa kuwa Latifah alishajifunza kuandika kama mashine. Juma la saba kulikuwa na mstari mmoja tu: Mtoto wa miaka sita asiyekosea hata mara moja kwa majuma saba? Endelea kuangalia. Latifah aliyasoma maneno hayo kama sifa. Sura ikamshuka. Mtoto hakuwa na kasoro, na mtoto asiye na kasoro ni mtoto wa Koboko mpaka amalize shule ya msingi.

Alitafuta. Haki ya Mungu alitafuta. Aliangalia kucha, hazikuwa zimeliwa. Aliangalia godoro lililoanikwa, lilikuwa kavu. Jumamosi ya nane Ruqaiya aligawa mkate wake mara mbili akampa Rejoice kipande kikubwa. Ya tisa aliimba hesabu za shule taratibu, mgongo umenyooka, macho yakipitia kwenye daftari la mwangalizi kila alipofika kumi. Latifah aliandika vyote. Moyoni alishaanza kuzoea kushindwa.

Jumamosi ya kumi, shule zikiwa zimebakiza juma moja kufungwa, alishuka Koboko mapema, akaingia kwenye kibanda cha chai karibu na stendi. Akatoa daftari na penseli. Katika ukurasa wa juma la nane palikuwa na nafasi ya mistari mitatu, akaijaza: Mtoto R. amejitenga. Ananyonya kidole. Anauliza mama yake atakuja lini. Ilikuwa rahisi ajabu. Haboba asingejua, kwa kuwa Haboba hajui kusoma. Mwalimu alishaupitia ukurasa huo, asingeurudia. Wahabu angesema, kama kitabu imesema, basi.

Chai ikapoa mbele yake. Kilichomzuia hakikuwa chuo. Ni kwamba kwa majuma tisa alikuwa amejibana asiandike hata chozi ambalo halikutoka, na sasa alikuwa anamzulia mwanawe ugonjwa ili ampate. Na yule mama mkwe, pamoja na ung'ang'anizi wake wote, alimwogesha na kumvalisha na kumpeleka zahanati miaka minne, wala hakumwomba mtu shukrani. Latifah akakasirika, akajikasirikia yeye mwenyewe kuliko alivyomkasirikia mtu mwingine yeyote. Akachukua kifutio, akafuta mistari yote mitatu mpaka karatasi ikakaribia kutoboka.

Haboba alikuwa amejitayarisha. Alivaa gauni la sikukuu, akatandika mkeka barazani, akamtuma Ruqaiya kwa Nora akacheze. "Soma," akasema, akachukua kawa yake.

Latifah akasoma tangu Jumamosi ya kwanza, bila kuruka. Mwanzoni Haboba alitabasamu. Alisikia kwamba mtoto anachota maji, anafagia, anakunja nguo, akatikisa kichwa kama mtu anayehesabiwa mabao yake. Kwenye Jumamosi ya tatu mikono ikapungua kusuka. Kwenye ya tano ikaacha kabisa. Latifah alipofika kwenye mkate uliogawanywa, Haboba akainua kiganja.

"Ngoja. Huyu umeandika ni mutoto ya nani?"

"Ni Ruqaiya, Mama."

"Ruqaiya gani? Ruqaiya ya hii nyumba, Jumatatu alitupa kiatu yangu ndani ya choo kwa sababu nilimunyima gurusa ya pili. Kwa chapati hiyo moja, kiatu! Jumatano alilala chini hapo, akapiga kelele mpaka Nora akakimbia kuja kuuliza nani amekufa. Huyu anayechota maji bila kutumwa mimi simujui. Nipe mimi huyu, nitakaa naye miaka mia."

Akacheka mpaka akashika mbavu. Latifah naye akacheka kidogo, kwa adabu, asielewe. Halafu cheko la Haboba likakatika. Akaangalia mlango wa chumbani kwa muda.

"Enda ndani," akasema kwa sauti ya chini. "Chini ya kitanda yake. Lete ile kavera."

Ulikuwa mfuko mweusi wa plastiki, umefungwa mafundo mawili. Latifah akaufungua juu ya mkeka. Ndani mlikuwa na magauni mawili, sweta la shule, kitana, penseli, na kipande cha sabuni ya kufulia kilichoviringishwa kwenye gazeti.

"Kila Ijumaa jioni anafunga," Haboba akasema. "Jumamosi wewe nakuja, naandika, naenda. Yeye anabaki kwa mulango mpaka hauonekani. Jumapili mimi nafungua, narudisha nguo kwa sanduku. Mara nane. Leo ya tisa."

"Nani alimwambia namchukua, Mama? Mimi sikusema kitu."

"Ndiyo shida, hukusema kitu. Rejoice ndiyo alisema, hata mbele ya wewe kuja. Kwao waliandikwa kwa kitabu pale Oraba. Mutu akiandikwa, siku ingine wanasoma majina, lori inabeba yeye. Akamwambia Ruqaiya, ukiandikwa, unabebwa. Lakini wale ya kulialia na kupigana wanawekwa nyuma. Wale ya kutulia wanapanda kwanza."

Daftari lilikuwa bado wazi mapajani mwa Latifah. Alikuwa ameandika kurasa thelathini na nane za mtoto anayefanya mtihani, na msimamizi wa mtihani huo alikuwa yeye, ameketi na kalamu kwenye kiti cha plastiki, haongei, hacheki. Mguu uliungua, mtoto akauma mdomo ili asiwekwe nyuma. Na kila saa tano ilipotimu, mama alifunga daftari, akaaga, akaondoka, na jina halikusomwa.

"Mama," akasema, "wewe ulijua."

"Nilijua. Tangu Jumamosi ya tatu."

"Mbona hukuniambia?"

Haboba hakutafuta pa kujificha. "Ilinifaa," akasema. "Nilisema, akitulia hivi, kitabu itaandika hana shida, na mimi nabaki na mutoto yangu. Sasa kitabu imesema. Nimeshinda." Akapangusa uso kwa ncha ya mtandio. "Lakini nimesikia unavyosoma. Mutoto ya Wahabu anapanga mustari kwa mama yake, kama watu ya kambi! Mimi sitaki kushinda namna hii. Beba."

Barabarani lori lilibadilisha gia likielekea mpakani. Haboba akavuta makamasi, akapata wazo.

"Ama tumuite, tumuulize mwenyewe anataka wapi."

"Tusimuulize, Mama. Tukimuuliza atajibu vizuri."

Haboba akalielewa hilo mara moja, wala hakurudia.

Ruqaiya aliporudi kutoka kwa Nora, aliuona mfuko wake mkononi mwa Latifah. Akasimama papo hapo mlangoni, miguu pamoja, mikono imenyooka ubavuni, kamba ya kurukia ikining'inia. Hakuuliza kama amekosa. Aliuliza kitu kingine.

"Jina yangu imetoka?"

"Imetoka," Latifah akasema.

Mtoto akatikisa kichwa, akaenda kuvaa viatu. Haboba alimwogesha miguu, akampaka mafuta, akasema ripoti ya shule ataichukua yeye juma lijalo na kuituma kwa Wahabu. Hakulia mbele ya mtoto. Alipoufungua mfuko kuongeza gurusa za njiani, akakitoa kile kipande cha sabuni. "Hii iache hapa," akamwambia Ruqaiya. "Kwa mama yako sabuni iko." Kisha akaingia ndani akafunga mlango, na Latifah akamshika mwanawe mkono, wakaenda stendi.

Jumatatu asubuhi Latifah alimkuta Mwalimu Natale ofisini, akaweka daftari mezani, akasema yote akiwa amesimama: fomu, jina, Haboba, mfuko. Natale alimsikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, mwalimu alilisukuma daftari upande wa Latifah kwa kidole kimoja.

"Hii siwezi kusahihisha. Utarudia mwakani, na mtoto ambaye hakujui."

"Sawa, mwalimu."

"Mimi pia nilikuandikia juma la saba. Ningekuita, tukaongea. Nilibaki kwa kuandika." Akakuna kidevu. "Na mtoto, sasa hivi iko wapi?"

"Nyumbani. Nimemwacha anaosha vyombo."

"Nani alimtuma?"

Latifah akafikiri. "Hakuna mtu."

"Basi bado iko kwa foleni," Natale akasema.

Ndivyo ilivyokuwa. Ruqaiya aliomba ruhusa kabla ya kunywa maji. Alilala ukingoni mwa godoro ili Faruk apate nafasi, akatandika kitanda kabla hakujapambazuka sawasawa. Faruk, ambaye tangu azaliwe alikuwa mfalme wa nyumba ile, alimpokonya wanasesere, vijiko, mito, na Ruqaiya alimpa vyote na kukunja mikono. Jirani mmoja akaja kuuliza huyu msichana wa kazi mwenye adabu hivi amepatikana wapi. Latifah alimjibu kwa ukali kwamba ni binti yake, na jirani akaenda zake amenuna.

Mtu mwingine angefurahi. Latifah alikuwa na hofu, na safari hii hakuwa na daftari la kuitia hofu hiyo. Aliacha kumwambia "mtoto mzuri", maana aliona kila akisema, mgongo wa Ruqaiya unazidi kunyooka. Alimwosha nywele, akamsuka, akamkalia karibu bila kazi yoyote. Alimpigia Haboba kila jioni na kumpa mtoto simu, na mtoto alisema yuko salama, amekula, hapigani. Haboba alikuwa akimuuliza Latifah simu ikirudi kwake, "Ametupa kitu?" Latifah alikuwa akijibu, "Bado, Mama." Na huko Koboko bibi alikuwa akisonya kwa masikitiko.

Yakapita majuma mawili, matatu, yakakaribia matano. Jumapili moja Wahabu akiwa nyumbani, Latifah alipika uji wa asubuhi, akaugawa, kikombe cha bluu akampa Faruk na cha kijani akampa Ruqaiya, kama siku zote.

"Nataka ya bluu," Ruqaiya akasema.

"Ya bluu ameshachukua Faruk. Kesho nitakupa wewe."

"Nataka leo!"

Kikombe cha kijani kikaruka, kikapiga ukuta, uji ukateremka mpaka kwenye viatu vya Wahabu vya kwendea kazini. Ruqaiya akajitupa sakafuni. Akapiga visigino chini, akalia kwa sauti ambayo hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kuisikia, sauti ya kukata masikio. "Wewe mubaya! Faruk mubaya! Hii nyumba mubaya! Nirudishe kwa Haboba! Sitaki wewe!" Faruk akaingia chini ya meza na kikombe chake. Jirani yule yule akafungua dirisha.

Wahabu akasimama, uji ukimdondoka. "Ruqaiya! Huyo ni mama yako!" Kisha akamgeukia mkewe kwa sauti ya kuomba radhi. "Nilijua. Hajazoea. Nikipita kesho kwenda Oraba nitamshusha kwa Mama, tusimtese."

"Kaa chini," Latifah akasema. "Hamshushi mtu popote. Miaka minne, huyu mtoto hajanililia mimi hata mara moja."

Akapiga magoti kwenye uji, akanyoosha mikono yake. Ruqaiya akampiga teke la goti, akamparura mkono, akamng'ang'ania shingoni kwa nguvu zake zote, akaendelea kulia kwa sauti ileile.